Mtawanyiko na msongamano wa watu Kanada: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanada ina watu wangapi, na msongamano wake ni upi?

Sensa ya tarehe 11 Mei 2021 ilihesabu watu 36,991,981. Ukiwagawa kwa eneo la nchi kavu, kilomita za mraba (km²) 8,788,703, unapata watu 4.2 kwa km². Makadirio ya Statistics Canada, taasisi ya takwimu ya taifa, yalivuka milioni 40 katikati ya Juni 2023. Kwa kulinganisha, Tanzania ilikuwa na watu zaidi ya 60 kwa km² katika sensa yake ya 2022.

Namba hiyo ya 4.2 ni sahihi, lakini karibu hakuna Mkanada anayeishi katika hali inayoieleza. Wengi wanaishi mahali penye watu mamia au maelfu kwa km², na wachache sana wanaishi katika maeneo ambayo kwa wastani yana mtu mmoja kwa km² 50. Kwa hiyo kila ukikutana na wastani wa nchi hii, uliza mambo mawili: ni eneo la nini, na ni watu gani waliohesabiwa. Sehemu kubwa ya majibu yafuatayo inarudi kwenye maswali hayo mawili.

Mbona kila kitabu kina namba yake? Nimeona 3.7, 3.9, 4.1 na 4.2.

Zote zinaweza kuwa sahihi. Tofauti iko kwenye kigawanyo:

- 36,991,981 ÷ 9,984,670 = 3.7. Hapa eneo lote la nchi limetumika, maziwa na mito ikiwemo.
- 36,991,981 ÷ 9,093,507 = 4.1. Hili ni eneo la nchi kavu linaloonekana katika vitabu vingi vya jiografia.
- 36,991,981 ÷ 8,788,703 = 4.2. Hili ni eneo la nchi kavu la sensa ya 2021.
- 35,151,728 ÷ 8,965,589 = 3.9. Hii ni sensa ya 2016 kwa kipimo cha eneo cha mwaka huo.

Mtego uko kwenye mistari miwili ya mwisho. Ukisema msongamano ulipanda kutoka 3.9 hadi 4.2, msomaji ataelewa kwamba watu waliongezeka kwa zaidi ya asilimia 7. Waliongezeka kwa asilimia 5.2. Sehemu iliyobaki imetokana na eneo la nchi kavu lililotumika, ambalo lilipungua kwa karibu km² 177,000 kati ya sensa hizo mbili. Ardhi haikuzama baharini, kilichobadilika ni kipimo. Ukitumia eneo la 2016 kwa watu wa 2021 unapata 4.1, na hiyo ndiyo namba halali ya kuweka kando ya 3.9.

Kigawanywa nacho kina matoleo mawili. Sensa huwakosa baadhi ya watu, kwa hiyo Statistics Canada hutoa pia makadirio yaliyorekebishwa. Makadirio ya Julai 2021 yalikuwa takriban milioni 38.2, yaani zaidi ya milioni moja juu ya hesabu ya sensa iliyofanyika wiki chache kabla. Ukichukua sensa kwa mwaka mmoja na makadirio kwa mwaka mwingine, utaripoti ongezeko ambalo halikutokea.

Je, hiyo ndiyo nchi yenye msongamano mdogo kuliko zote duniani?

Hapana. Mongolia ina watu kama 2 kwa km². Australia, kwa sensa yake ya 2021, ina kama 3.3. Namibia ilihesabu watu milioni 3.02 mwaka 2023 kwenye km² 824,000, yaani kama 3.7. Kanada inatajwa sana kwa sababu ya ukubwa wake: ni ya pili duniani kwa eneo baada ya Urusi.

Basi watu wako wapi hasa?

Kusini, na ndani ya kusini wako katika miji michache. Majimbo mawili, Ontario (14,223,942) na Quebec (8,501,833), yana zaidi ya asilimia 60 ya watu wote. Ukiongeza British Columbia (5,000,879) na Alberta (4,262,635) unafikia karibu asilimia 87. Maeneo matatu ya kaskazini, Yukon, Northwest Territories na Nunavut, yana karibu asilimia 40 ya ardhi ya nchi lakini wakazi wake wote kwa pamoja ni 118,160.

Lakini usiishie kwenye majimbo, kwa sababu kila jimbo kubwa lina mgawanyiko uleule ndani yake. Ontario kaskazini ni karibu asilimia 90 ya ardhi ya jimbo, na ina chini ya asilimia 6 ya wakazi wake. Mkoa wa Nord-du-Québec unachukua zaidi ya nusu ya Quebec nzima ukiwa na watu wasiofika 50,000. Ndiyo maana Ontario huonekana kuwa na watu 15.9 tu kwa km² wakati manispaa ya Toronto pekee ina zaidi ya 4,400.

Mkusanyiko mkubwa kuliko wote ni ukanda wa takriban kilomita 1,150 kutoka Windsor hadi jiji la Quebec, kando ya maziwa Erie na Ontario na Mto St. Lawrence. Karibu nusu ya Wakanada wanaishi humo. Toronto na viunga vyake ina watu 6,202,225, Montreal 4,291,732, na Ottawa–Gatineau 1,488,307. Nje ya ukanda huo kuna Vancouver (2,642,825), Calgary (1,481,806) na Edmonton (1,418,118). Miji hiyo sita ndiyo pekee inayozidi milioni moja. Kwa jumla, karibu watu watatu kati ya wanne wanaishi katika maeneo ya jiji yenye wakazi 100,000 au zaidi.

Ni kweli asilimia 90 wanaishi karibu na mpaka wa Marekani?

Dai hilo limezoeleka: asilimia 90 ndani ya kilomita 160. Kwa hesabu za sasa haliwezi kusimama, na unaweza kulipima mwenyewe. Chukua miji mitano iliyo wazi nje ya umbali huo: Calgary, Edmonton, Saskatoon (317,480), Halifax (465,703) na St. John's (212,579). Jumla yao pamoja na viunga ni 3,895,686, yaani asilimia 10.5 ya watu wote. Asilimia 10 imekwisha kabla hujagusa Red Deer, Prince George, maeneo matatu ya kaskazini, sehemu iliyobaki ya Newfoundland, wala vijiji vyote vya katikati.

Takwimu iliyopimwa ni hii: kwa sensa ya 2016, asilimia 66 ya watu waliishi ndani ya kilomita 100 kutoka mpaka wa kusini, kwenye takriban asilimia 4 ya ardhi. Tumia hiyo. Inashangaza vya kutosha bila kutiwa chumvi.

Kaskazini ni patupu kwa sababu ya baridi tu?

Baridi ina sehemu yake, lakini peke yake haitoshi kuwa jibu. Moscow iko kaskazini zaidi ya Edmonton na ina watu zaidi ya milioni 12. Kilichoamua zaidi ni udongo.

Karibu nusu ya Kanada imelala juu ya Ngao ya Kanada, mwamba wa kale sana unaozunguka Ghuba ya Hudson kama kiatu cha farasi. Barafu za kale zilikwangua udongo wa juu na kuusukuma kusini, zikaacha mwamba mtupu, vinamasi na maziwa yasiyohesabika. Unaweza kuchimba nikeli au dhahabu hapo, lakini huwezi kulisha mji kwa kilimo. Ngao hiyo inashuka hadi karibu na Maziwa Makuu, ndiyo maana ukitoka Toronto kwenda kaskazini kwa gari mashamba yanakwisha baada ya saa chache tu, kabla baridi haijawa hoja kubwa. Serikali na kanisa zilijaribu kupeleka wakulima kwenye mkanda wa udongo wa mfinyanzi ulioko kaskazini mwa Ontario na Quebec. Wengi waliondoka, kwa kuwa msimu wa kuotesha mazao ni mfupi na maji hayatoki shambani.

Juu zaidi kuna ardhi iliyoganda daima. Ukijenga nyumba yenye joto moja kwa moja juu yake, joto linaiyeyusha, udongo unakuwa tope na nyumba inapinda. Ndiyo sababu majengo huinuliwa juu ya nguzo ili hewa baridi ipite chini yake, na mara nyingi mabomba ya maji hayafukiwi.

Na "patupu" ni neno la mtu wa kusini. Wainuit, Wacree na Wadene, wenyeji wa asili wa kaskazini, wameishi huko kwa maelfu ya miaka kwa uwindaji na uvuvi, maisha yanayohitaji eneo kubwa kwa kila familia. Msongamano mdogo kwao haukuwa dalili ya ardhi kushindwa kukaliwa, ndiyo namna yenyewe ya kuikalia. Nunavut leo ni Wainuit kwa takriban asilimia 85.

Historia iliwapanga vipi watu kwenye ramani?

Kwa awamu, na kila awamu bado inaonekana ukitazama picha za satelaiti.

Mashariki, utawala wa Wafaransa uligawa ardhi ya kando ya Mto St. Lawrence kwa vipande virefu vyembamba, kila kimoja kikiwa na ncha yake mtoni, kwa sababu mto ndio uliokuwa barabara. Nyumba zilijengwa kwenye ncha hizo, zikawa mstari mmoja mrefu. Mfumo huo wa mabwana wa ardhi ulifutwa 1854, lakini mipaka ya mashamba imebaki.

Magharibi, mpangilio ulichorwa kwa rula kabla walowezi hawajafika. Nyanda za Prairies ziligawanywa kwa miraba ya maili 6 kwa 6, kila mraba ukawa na vipande 36 vya maili moja kwa moja. Sheria ya ardhi ya 1872 ilimpa mlowezi robo ya kipande kimoja, yaani ekari 160 au hekta 65, kwa ada ya dola 10, akitimiza masharti ya kuishi na kulima hapo kwa miaka mitatu. Ardhi hiyo haikuwa tupu. Ilikuwa ya mataifa ya asili na Wametis (watu wenye asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu), na ilifunguliwa kupitia mikataba, njaa baada ya nyati kwisha, na watu kufungiwa kwenye hifadhi, yaani maeneo waliyotengewa kuishi.

Reli ya Canadian Pacific ilikamilika 7 Novemba 1885, na vituo vilifuata mwendo wa gari la farasi. Mkulima alipaswa kufika kwenye ghala la nafaka na kurudi siku hiyohiyo, hivyo maghala yakapangwa kwa umbali wa kilomita chache, na kila moja likazaa kijiji. Lori lilipofika, umbali huo ukapoteza maana. Maghala madogo yalifungwa, njia za pembeni za reli zikang'olewa, na vijiji vingi vikakonda. Saskatchewan ni mfano mzuri: mwaka 1931 ilikuwa na watu 921,785, ya tatu kwa wingi nchini. Miaka 90 baadaye ilikuwa na 1,132,505 tu, ikiwa ya sita.

Newfoundland iliendeshwa kinyume. Kati ya 1954 na 1975 serikali iliwahamisha watu wapatao 30,000 kutoka karibu vijiji 300 vya wavuvi, ili shule, umeme na zahanati viwekwe mahali pachache. Kisha mwaka 1992 uvuvi wa chewa ukasimamishwa, na jimbo likapoteza watu. Kati ya 2016 na 2021 lilipungua tena, kutoka 519,716 hadi 510,550.

Nunavut ina mtu mmoja kwa km² 50. Watu wanaishije hivyo?

Hawaishi hivyo, na hapa ndipo wastani unapodanganya kuliko mahali popote. Wakazi 36,858 wako katika jumuiya 25, na ndani ya jumuiya nyumba zimekaribiana kabisa. Mji mkuu, Iqaluit, una 7,429. Grise Fiord, jumuiya ya kaskazini kabisa, ina 144. Nyumba nyingi zina watu wengi kuliko zinavyostahili, kwa hiyo mtu anaweza kulala chumba kimoja na wenzake wanne katika eneo lenye msongamano wa 0.02.

Hakuna barabara inayounganisha jumuiya yoyote na nyingine wala na kusini. Vitu vizito (saruji, magari, mafuta ya dizeli) huja kwa meli wakati barafu imeyeyuka, takriban Julai hadi Oktoba. Ukisahau kuagiza, unasubiri mwaka au unalipia ndege. Umeme hutoka kwenye jenereta za dizeli, kila jumuiya na yake, kwa sababu nyaya za kuziunganisha zingegharimu zaidi ya mafuta. Mahali pengi maji safi huletwa kwa lori na majitaka huondolewa kwa lori. Mjamzito wa kijiji kidogo husafirishwa kwa ndege wiki kadhaa kabla ya kujifungua.

Jumuiya nyingi hizi hazikuchaguliwa na wenyewe. Grise Fiord na Resolute zilianzishwa 1953 kwa kuwahamisha Wainuit kutoka kusini zaidi, wengi wao Quebec kaskazini, jambo ambalo serikali iliomba radhi mwaka 2010.

Yukon ni tofauti kidogo. Barabara zipo, na asilimia 70 ya wakazi wako katika mji mmoja, Whitehorse (28,201 kati ya 40,232). Northwest Territories iko katikati: karibu nusu wako Yellowknife, na baadhi ya vijiji hufikiwa kwa barabara za barafu majira ya baridi tu. Kufika Tuktoyaktuk kwa gari majira yote kuliwezekana Novemba 2017, barabara ya kilomita 138 kutoka Inuvik ilipofunguliwa.

Nikokotoe vipi msongamano bila kujidanganya?

Kwanza, amua swali. Kama unataka mzigo kwa ardhi (barabara, nyaya, ulinzi wa mipaka), msongamano wa kawaida unatosha: watu ÷ eneo la nchi kavu. Kama unataka kujua mtu wa kawaida anaishi katika msongamano gani, unahitaji msongamano uliopimwa kwa uzito wa watu.

Tuseme eneo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni km² 1 yenye watu 9,000. Ya pili ni km² 99 zenye watu 1,000. Msongamano wa kawaida ni 10,000 ÷ 100 = 100. Kwa uzito wa watu: chukua msongamano wa kila sehemu, uuzidishe kwa fungu la watu walio humo, kisha jumlisha. Yaani (9,000 × 0.9) + (10.1 × 0.1) = 8,101. Namba zote mbili zinahusu mahali pamoja na watu walewale. Watu tisa kati ya kumi wanaishi hali inayoelezwa na namba ya pili (8,101), na ramani inaonyesha namba ya kwanza (100).

Pili, chagua mipaka kwa makini. Mpaka wa manispaa Kanada mara nyingi ni wa kiutawala tu. Halifax kama manispaa ina watu 439,819 kwenye takriban km² 5,475, hivyo msongamano wake ni 80, kwa sababu imemeza misitu na vijiji vya uvuvi. La Tuque, Quebec, kisheria ni mji, lakini ina watu kama 11,000 kwenye zaidi ya km² 20,000. Kinyume chake, manispaa ya Vancouver ni km² 115 tu, mjini mtupu, na inafika 5,749. Ukizipanga tatu hizi kwenye jedwali moja unapima historia ya mipaka, sio ukaaji.

Tatu, tumia vipande vidogo kadiri data inavyoruhusu. Kipande kinachofaa kwa kazi nyingi ni kile cha sensa chenye watu takriban 400 hadi 700. Kumbuka tu kwamba kaskazini kipande kimoja cha aina hiyo kinaweza kuwa kikubwa kuliko nchi ndogo.

Mji ni nini na kijijini ni nini kwa vigezo vya Kanada?

Mahali panahesabiwa kuwa mjini pakiwa na watu angalau 1,000 na msongamano wa angalau 400 kwa km². Vyote viwili lazima vitimie. Makazi ya watu 1,500 yaliyotawanyika kwa 350 kwa km² ni kijijini. Kwa kigezo hicho, asilimia 17.8 waliishi vijijini mwaka 2021, yaani watu milioni 6.6.

Eneo la jiji pamoja na viunga vyake ni dhana nyingine. Lazima liwe na watu 100,000, angalau 50,000 kati yao wakiwa kwenye kiini, na manispaa za jirani huingizwa kufuatana na idadi ya watu wanaosafiri kwenda kazini kwenye kiini. Hivyo mkulima anaweza kuwa mwanakijiji na wakati huohuo mkazi wa eneo la jiji la Ottawa. Ukijumlisha "mjini" kutoka jedwali moja na "kijijini" kutoka jingine, unaweza kuvuka asilimia 100.

Sensa inafanyikaje mahali pakubwa hivyo, na nini huharibika?

Hufanyika kila miaka mitano, miaka inayoishia na 1 na 6. Wengi hujaza kwa intaneti. Mbali kaskazini, kwa kawaida makarani huanza mapema, Februari, kabla barafu haijayeyuka na familia hazijaondoka kwenda kambi za uwindaji na uvuvi.

Msomaji wa Afrika Mashariki ashike tofauti moja kubwa. Kenya na Tanzania humhesabu mtu mahali alipolala usiku wa sensa. Kanada humhesabu kwenye makazi yake ya kawaida. Mchimbaji anayekaa wiki mbili mgodini na wiki mbili nyumbani Newfoundland anahesabiwa Newfoundland, ingawa nusu ya mwaka anakula, anatibiwa na kutumia maji mahali pengine. Kwenye migodi ya mchanga wenye mafuta ya Alberta kundi hili ni kubwa kiasi kwamba halmashauri ya Wood Buffalo imefanya sensa zake yenyewe ili kuwajumuisha.

Mengine ya kuangalia:

- Mwaka 2021 hifadhi 63 za mataifa ya asili hazikuhesabiwa kikamilifu, baadhi kwa sababu ya janga la korona na moto wa misitu. Kwenye faili hazina idadi. Programu nyingi husoma nafasi wazi kama sifuri, na ramani yako itaonyesha jangwa mahali penye watu.
- Takwimu za umri, lugha na kadhalika hupandishwa au hushushwa kidogo kwa nasibu, kwa makusudi, hadi zigawanyike kwa 5, kulinda siri za watu. Kwenye kijiji cha watu 60, jumla ya makundi huenda isilingane na idadi kuu. Si kosa, usiisahihishe. Mahali penye watu chini ya 40, takwimu hizo hufichwa kabisa.
- Linganisha tarehe ya sensa na tarehe za majanga. Moto wa Fort McMurray, Alberta, ulianza Mei 2016, siku chache kabla ya sensa, watu zaidi ya 80,000 wakakimbia, na taarifa zao zikajazwa kwa kumbukumbu za serikali. Kijiji cha Lytton, British Columbia, kilihesabiwa kizima Mei 2021, kikateketea tarehe 30 Juni.

Nikichora ramani, niepuke nini?

Makadirio ya Mercator (moja ya namna za kuchora uso wa dunia kwenye karatasi bapa). Kwenye latitudo 60 huongeza eneo mara 4, na kwenye 75 karibu mara 15, kwa hiyo Nunavut itameza ramani. Tumia makadirio ya koni ya Lambert yenye latitudo za msingi 49 na 77, ambayo Statistics Canada yenyewe hutumia (msimbo wake katika programu za ramani ni EPSG:3347).

Usipake rangi kwa idadi ya watu, paka kwa msongamano. Na usigawe madaraja kwa vipimo sawa: kati ya 0.02 na 5,749, karibu nchi nzima itaangukia daraja la kwanza. Mipaka ya 0.1, 1, 10, 100 na 1,000 hufanya kazi vizuri.

Ramani ya nukta ni bora zaidi kwa nchi hii, kwa sharti moja. Ukiweka nukta moja kwa watu 1,000, Nunavut inapata nukta 37. Programu ikizimwaga bila mpango ndani ya mpaka, zitaangukia barafuni mahali ambapo hakuna aliyewahi kujenga. Zifunge kwenye makazi yanayojulikana.

Ardhi yote hiyo, mbona nyumba za Toronto na Vancouver ni ghali?

Kwa sababu anayenunua nyumba analipia umbali wa kazini, shuleni na hospitalini, na ardhi ya Nunavut haina hata kimoja. Takriban asilimia 89 ya ardhi ya Kanada ni ya serikali, na sehemu kubwa haina barabara. Ardhi inayotakiwa ni chache kweli. Vancouver imebanwa na bahari, milima na mpaka wa Marekani, na mashamba yake yanalindwa na sheria ya jimbo tangu 1973. Toronto ina ziwa kusini na, tangu 2005, mkanda wa kijani wa karibu hekta 800,000 usiojengwa. Ndani ya miji yenyewe, mitaa mingi kwa miongo iliruhusu nyumba ya familia moja tu kwa kila kiwanja. Hiki cha mwisho kinasahaulika sana, ingawa ndicho kilicho rahisi kubadilishwa.

Kwa nini wahamiaji wapya hawapelekwi sehemu zenye watu wachache?

Inajaribiwa. Tangu 1998 majimbo yanaweza kupendekeza wahamiaji wao, na majimbo ya Atlantiki yalipata mpango wao 2017. Lakini mkazi wa kudumu ana haki ya kikatiba ya kuhamia jimbo lolote. Atakaa kama kuna kazi, watu wa lugha yake na mahali pa kuabudu. Kati ya wahamiaji milioni 1.3 waliopokewa kuanzia 2016 hadi 2021, zaidi ya tisa kati ya kumi walikuwa wakiishi katika maeneo ya jiji makubwa, karibu asilimia 30 Toronto peke yake.

Mtawanyiko huu unaathiri vipi Bunge?

Viti ni 343 tangu uchaguzi wa 2025. Kila eneo la kaskazini lina mbunge mmoja, hata kama wapigakura wake ni wachache. Kifungu cha katiba cha 1915 kinasema jimbo haliwezi kuwa na wabunge pungufu ya maseneta wake, hivyo Prince Edward Island, jimbo dogo kuliko yote na lenye msongamano mkubwa kuliko yote (27.2), lina wabunge 4 kwa watu 154,331: mmoja kwa kila watu 38,600. British Columbia ina mmoja kwa kila watu 116,300.

Ndani ya jimbo, tume za mipaka haziruhusiwi kupishana na wastani kwa zaidi ya asilimia 25, ila kwa hali ya kipekee. Labrador, sehemu ya bara ya jimbo la Newfoundland, hupewa ruhusa hiyo: ina watu chini ya 30,000 na mbunge wake. Kuiunganisha na wapigakura wa kisiwa cha Newfoundland kungemlazimu mbunge mmoja kuvuka mlango wa bahari ili kuwafikia baadhi ya watu wake.